Michezo ya Kumtuliza Saikal Garini

Malisho ya juu, At-Bashi
9 Juni

Kwako shemeji Meerim, mrembo wa Bishkek, mke wa kaka yangu na mpika chai baridi,

Pokea salamu kutoka huku tulikofunga hema, jirani na mawingu. Baba goti bado linamsumbua, ila akipanda farasi analisahau, na akishuka analikumbuka kwa matusi. Mama mzima: anakamua, anafoka, anakamua tena. Kumisi ya mwaka huu imetoka kali, maziwa ya farasi yamechachuka mpaka yanauma ulimi, na mimi ndiye ninayeionja kila siku kuhakikisha. Saikal ndiye mzima kuliko sote. Jana alipanda farasi mweusi bila tandiko, akaanguka, akainuka, akampiga farasi teke. Hiyo ni damu ya huku, siyo yenu ya kupanda lifti.

Mzigo wako umefika. Mirlan, dereva anayepanda kuchukua kumisi, aliuleta chini ya kiti pamoja na vitunguu, kwa hiyo tableti yako inanuka supu. Niliufungua mwenyewe, maana ningempa baba angeikatia nyama. Tableti nzuri. Ina mkwaruzo pembeni, usije ukaniambia ni mpya, mimi si mtoto.

Sasa jambo lenyewe. Umeandika kwamba Agosti wewe na kaka Almaz mtakuja na gari kumchukua Saikal mwende mkatembee ziwani Isik-Kul, na kwamba nimtafutie michezo ya kumchangamsha njiani, tena imfundishe kitu, kwa sababu mwaka jana alilia kuanzia hapa mpaka Narin. Umemwendea mtu mwenyewe. Walimu walionifukuza darasa la tisa leo wananiletea simu zao nizifufue, na wananiita fundi, na ninawachelewesha makusudi. Mtandao huku hakuna hata ukisimama juu ya farasi aliyesimama juu ya mwamba (nimejaribu), lakini nikishuka At-Bashi nitapakua kila kitu, na umeme wa sola tunao.

Ila nikutanie kidogo, shemeji, ni haki yangu mimi mdogo wa mumeo. Mtoto unamchukua kutembea mara moja kwa mwaka, na bado unataka mashine ikusaidie kumbembeleza? Saikal ni wa wazee. Mtoto wa kwanza wa kila mtu ni wa wazee. Ulimzaa, ukamtoa mwenyewe kwa wazee alipoacha kunyonya, ukala nyama ya sherehe kama sisi wote, na nakumbuka ulikula kidogo. Mama yangu anamwita mama, mimi ananiita kaka, wewe anakuita wifi. Ukitaka wa kukuita mama, si utengeneze mwingine! Miaka inakwenda na kaka Almaz si kijana. Au nije kumpa mafunzo?

Nangoja maelekezo yako.

Shemeji yako mtanashati,
Kubanich


Bishkek
28 Juni

Bwana Mdogo,

Kwanza nisalimie wazee. Mwambie baba mkwe nimempa Mirlan dawa ya goti. Ni ya kupaka, asiinywe. Mwambie mama mkwe kitambaa anachotaka bado nakitafuta, waliopo sokoni wana cha maua madogo tu. Kaka yako mzima, anashinda kwenye ujenzi na anarudi na vumbi masikioni. Amenunua gari la mkono wa pili, linaunguruma lakini linakwenda. Mimi mzima.

Utani wako nimeusoma.

Kuhusu michezo. Iwe inachezeka bila mtandao, kwa sababu kutoka kwenu mpaka karibu na Kochkor hakuna kinachoshika. Isiwe ya vitu vinavyokimbia; kwenye kona za mlima Dolon mtoto akikodolea macho kitu kinachokimbia anatapika. Nataka ya kugusa na kungoja. Weka na hadithi za kusikiliza, ili macho yapumzike. Isiyo na matangazo. Isiyo na damu. Hesabu iwepo, na herufi za Kirusi ziwepo. Hilo la Kirusi usimtajie mama mkwe.

Halafu upo mchezo mmoja nimeambiwa na jirani yangu ambaye ni mwalimu. Unaweka picha za watu wa familia, unarekodi sauti ya kumtaja kila mmoja, kisha mtoto anaulizwa, nani huyu? Akipatia anapewa nyota. Picha nimeshaziweka ndani. Yangu ni ile ya gauni la bluu. Jaza majina. Mimi unajua panaponistahili, na sitaandika zaidi ya hapo kwa sababu barua hii inapita mikononi mwa Mirlan.

Safari ni ya siku kumi tu.

Meerim


Malisho ya juu, At-Bashi
17 Julai

Shemeji wa mjini, mboni ya jicho la kaka yangu,

Huku salama. Mbwa mwitu kachukua kondoo wawili. Baba kamlaumu mbwa wetu, na mbwa kwa macho yake kanilaumu mimi. Dawa baba kapaka, ikamuunguza, kasema ni nzuri kwa kuwa inauma. Mama anauliza kitambaa. Saikal kang'oka jino la mbele na sasa anatema mate mbali kunishinda, na mimi ndiye bingwa wa bonde hili.

Nilishuka At-Bashi kwa farasi, nikakaa nyuma ya duka la simu kupakua michezo mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimehamia. Haya, msikilize mtaalamu.

Wa kwanza ni wa kuhesabu kondoo wanaoruka uzio. Saikal kautazama, kasema, "Kaka, hawa kondoo wagonjwa."

"Wagonjwa kivipi?"

"Hawatazami nyuma. Na mchungaji wao yuko wapi?"

Lakini kawahesabu mpaka mia bila kukosea, kwa hasira, akimtafuta mchungaji. Huo nimeuacha.

Wa pili ulikuwa wa treni. Kila ukifika kituoni unakwambia nunua behewa. Siku ya pili mtoto kashaanza kunipigia magoti kwa ajili ya behewa. Nimeufuta. Mchezo unaofundisha kuombaomba si wa elimu, na kama ni kuomba tunaye Mirlan.

Wa tatu ni dubu anayechora herufi kwa ukucha, mtoto anafuatisha kwa kidole. Ni wa Kirusi, kama ulivyotaka. Mama kausikia. "Huyo dubu anasema nini?"

"Anaimba, mama."

"Kwa lugha gani?"

"Lugha ya dubu."

Karudi kukamua. Lakini tangu siku hiyo ananitazama kama anavyomtazama mtu anayemuuzia ng'ombe.

Wa samaki wanaokimbizana niliujaribu kwenye gari la Mirlan, tukishuka kona. Saikal kajaza kofia ya Mirlan. Ulisema kweli, nimeufuta. Mirlan bado kanuna. Hadithi za kusikiliza nimejaribu mwenyewe juu ya farasi, nikasinzia, farasi kanirudisha hemani bila kuniuliza. Zinafaa sana. Mtu mwingine angekuwekea ishirini za ovyo; mimi nimekuwekea nne, kila moja nimeitia jino.

Na ule wa nyuso nimeujaza. Nilielewa ulichotaka, usihofu, mimi si mjinga. Nimeufanya vizuri kuliko ulivyotaka. Unaruhusu pia kurekodi maneno ya pongezi, mtoto akifikisha nyota tano anayasikia. Nimeyaweka na hayo. Utanikumbuka.

Sasa nami nina swali. Mirlan kasema alikuona sokoni unachagua mkoba wa shule na utepe mweupe wa nywele. Nikamwuliza, "Wa nani?"

"Sijui. Ila alikuwa anaupima kwa mkono, hivi, usawa wa kiuno chake."

Usawa wa Saikal, shemeji. Siku kumi, au?

Nauliza kwa kuwa Oktoba nakwenda Kazan. Rafiki yangu Erlan kanishikia kitanda na kazi kwenye karakana ya simu, na Warusi watajua fundi ni nani. Mimi ni kitinda mimba. Mtoto wa mwisho wa kiume habanduki kwa wazazi, sheria zetu unazijua. Lakini mama kaniruhusu. Kasema, "Nenda mwaka mmoja. Saikal ataanza shule hapahapa kijijini. Nikiwa naye siwezi kuwa peke yangu." Asipokuwepo Saikal, na mimi sitoki. Kwa hiyo mtoto huyo ndiye mlango wangu, umenielewa? Usije ukaufunga.

Na yule mwingine vipi, bado? Kaka anakula nyama kweli, au unamlisha majani?

Shemeji yako ambaye karibu atakuwa mtu wa Kazan,
Kubanich


Bishkek
3 Agosti

Bwana Mdogo,

Nisalimie wazee. Tukijaliwa tutafika tarehe kumi. Kitambaa nimekipata.

Kuhusu yule mwingine. Walikuwa wawili. Wa kwanza alitoka akiwa wa miezi minne, wa pili wa miezi mitano, na baada ya huyo daktari alinikalisha akaniambia nisitegemee tena. Kaka yako hakuwaambia kwa sababu nilimkataza. Sasa umejua, na utani huo umekwisha.

Tableti iwe imejaa moto. Chaja ya gari ninayo.

Mkoba ulikuwa wa mtoto wa jirani.

Meerim


Bishkek
24 Agosti

Kubanich,

Salamu sina.

Nilipokuja huko ulinibebea mizigo mpaka garini, ukanifungulia mlango, ukaniambia, "Shemeji, mwanzie ule wa nyuso, ataupenda." Nikakushukuru. Nikakupa na soksi.

Tulikuwa hatujafika Narin alipoufungua. Sauti yako ikauliza nani huyu, ikatokea picha ya mama mkwe, mtoto akasema mama, sauti yako ikasema, "Huyu ni mama yetu!" Nyota. Nikajiambia, labda mimi nipo mbele. Ikaja picha ya gauni la bluu. Akaigusa. Sauti yako: "Huyu ni wifi. Huja, huondoka." Na kicheko mwishoni. Ulirekodi na kicheko.

Saikal akanigeukia amefurahi mpaka pengo lake likaonekana. "Wifi! Nimepata nyota kwa ajili yako!"

Kaka yako alicheka. Halafu aliniona kwenye kioo, akaacha.

Zilipofika nyota tano akasikia pongezi zako. Sikujua kama mama mkwe anajua kuongea na mashine. "Hongera mwanangu. Maliza upesi urudi, mama yako nakungoja mlangoni." Mtoto aliisogeza tableti sikioni. Kisha akaanza upya. Hakucheza wa kondoo, wala wa dubu, wala hakusikiliza hadithi hata moja. Alikusanya nyota tano, akasikiliza, akafuta kioo cha tableti kwa mkono wa sweta, akaanza tena. Dolon yote. Kochkor yote. Niliomba mchezo wa kumfanya asilie kwa sauti, na kweli hakulia kwa sauti.

Balikchi, pale wanapouza samaki wa kukaushwa, nilishika tableti niizime. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Wifi, tafadhali, usizime. Mama atapotea."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda ziwani na mwanangu. Siku kumi hizo alioga mara moja.

Kila mke wa kijijini kwenu anaijua adabu yake: jina la mkubwa au mdogo wa mumewe halitoki mdomoni mwake. Miaka yote hii nimekuita Bwana Mdogo, hata wewe usipokuwepo, hata usingizini. Leo nimeliandika jina lako juu ya barua hii ili ujue mimi si wa kwenu tena.

Saikal harudi. Ameandikishwa shule hapa mtaani, tarehe moja anaanza. Mkoba ulikuwa wake. Msinipigie simu.

Meerim


At-Bashi, kijijini
16 Septemba

Shemeji,

Tumeshuka malishoni mapema, baba hakutaka kukaa. Theluji imeshagusa vilele. Baba hasemi na mtu. Kaka alipompigia simu kabla hujamnyang'anya, baba alimwuliza, "Kwani umepata baba mwingine huko?" akakata. Mimi mzima. Kondoo wazima.

Nilimsomea mama barua yako kwa sauti, kwa sababu alinishika sikio. Nilifika pale ulipoandika jina langu. Nilidhani nitalipita kimyakimya, lakini mama kaona mdomo wangu umesita. "Kaandika nini?" Nikamwambia. Kavua kitambaa cha kichwani, kakiweka chini, kakaa bila kitambaa mbele ya mwanawe wa kiume. Sijawahi kuona hilo. Kasema, "Basi kweli amemchukua."

Wanawake wa kijiji wanakuja na maandazi kumpa pole kama vile kuna maiti. Gari lolote likisimama njiani mama anatoka. Hata trekta. Jana lilisimama trekta la makaa, mama katoka na sweta ya mtoto mkononi. Dereva kamwuliza, "Unauza?"

Na kama unataka kujua, yeye hakuwa na kosa. Nilimwambia, mama, sema maneno matamu mtoto ajifunze vizuri garini. Kaniuliza, "Niseme kwenye hiki kibao?" Kajifuta midomo kwanza, kakohoa, kasema. Katika vichwa vyote vya nyumba hii, mwenye wazo ni mimi.

Simu zako hazipokelewi, nimekupigia mpaka kidole kimeota sugu. Kazan basi. Mama kanishika koti mlangoni: "Ukitoka na wewe, nitaichoma nyumba nikiwa ndani." Erlan kitanda changu kampa mtu wa Talas ambaye hajui hata kufungua simu. Umenifungia mlango ingawa nilikukataza. Umefurahi?

Mlete mtoto. Walau hadi likizo ya majira ya baridi. Nitafuta sauti zote, nitakuweka mama mbele ya picha zote, nitaimba kabisa ukitaka. Lakini tusidanganyane: tumbo lako limekataa wengine, ndiyo maana unaiba wa wazee. Ulipewa nafasi ya kuzaa, ukamtoa mtoto kwa wazee, sasa unataka kurudishiwa kama mtu aliyenunua viatu vya kubana.

Hayo ya mwisho nisingeyaandika, lakini karatasi ni moja na nimeshaandika kwa wino.

Mlete.

Kubanich


Bishkek
8 Oktoba

Kubanich,

Sikukusudia kujibu. Najibu kwa sababu nilitaka awepo mtu mmoja ajue jinsi nilivyofanya, na kaka yako hawezi kunisikiliza mpaka mwisho.

Saikal anaendelea vizuri. Mwalimu anasema kwa hesabu anawapita wote. Kondoo wako wamesaidia, na dubu pia. Anasoma mabango yote ya barabarani kwa Kirusi. Utepe mweupe unampendeza.

Mchezo wa nyuso sikuufuta. Nilikaa nao nikajifunza, si mgumu hivyo, fundi. Pongezi zenu nilizitoa. Sauti yako nikaitoa, nikaweka yangu. Gauni la bluu: mama. Mama mkwe: bibi. Kaka yako: baba. Wewe: baba mdogo. Halafu nikakuta sehemu ambayo wewe hukuigusa. Unaweza kuamua mtoto akikosea afanyiwe nini. Unaweza kuamua apoteze nyota zake zote, na mchezo ulie kwa sauti mbaya, ile kama mlango wa chuma. Na unaweza kuifunga michezo mingine yote mpaka huo uwe umekwisha bila kosa.

Nikafanya hivyo.

Siku za kwanza alikosea kila mara. Picha ya mama mkwe ikitokea, alisema mama. Mlango wa chuma. Alisema tena, polepole, akidhani mashine haisikii. Mlango wa chuma. Alinifuata jikoni: "Wifi, imeharibika. Kaka Kuba angeitengeneza." Nikamwambia haijaharibika, ni wewe unakosea. Nikaendelea kumenya viazi.

Ilipotimia wiki alikuwa anafumba macho kabla ya kugusa. Halafu akapatia moja. Halafu zote. Siku aliyozipata zote nikapiga makofi, nikamfungulia kondoo wake, nikampikia keki. Sasa kila mtu akiingia nyumbani kwetu namwuliza, nani huyu? Akipatia nampigia makofi. Ananiita mama, Kubanich. Mbele ya jirani, mbele ya mwalimu, dukani. Hajakosea tangu mwezi huu uanze.

Uliniuliza kama nimefurahi. Uliandika kuhusu viatu. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi.

Mchezo unafundisha kweli.

Meerim


At-Bashi, kijijini
9 Novemba

Shemeji,

Baba anakusalimia. Hakusema, lakini nilipochukua karatasi alisogeza taa. Theluji imefunga njia ya malisho. Ng'ombe mmoja ana mimba.

Uliyoyaandika Oktoba sikumsomea mama. Nilimwambia umesema mtoto mzima na anasoma vizuri, kajibu, "Basi nitakwenda kumwona, mtu mzima hakatazi mgeni." Nilimzuia kwa kila uongo ninaoujua, na ninaujua mwingi. Kapanda gari la Mirlan na ndoo ya siagi, na mfuko wa jibini kavu, na soksi alizofuma. Nikapanda na mimi. Njia nzima alikuwa anauliza kama utepe wa nywele unaliwa na jasho.

Nakuandikia yaliyotokea kwako ingawa ulikuwepo, kwa sababu wewe ulikuwa unamtazama mtoto tu. Mimi nilikuwa namtazama mama.

Kaka Almaz alifungua mlango, akaona viatu vya mama, hakuinua macho zaidi ya hapo. Mama kavua viatu, kakaa kwenye zulia, kapanga vitu vyake mbele kama muuzaji. Saikal katoka chumbani. Kanenepa. Meno yameota. Kasimama katikati ya zulia, na mama kafungua mikono, kasema, "Mwanangu."

Hakuja. Kakutazama wewe.

Wewe ulikuwa umesimama karibu na friji, mikono umefunga. Ukamwuliza taratibu, "Nani huyu?"

"Bibi," kasema Saikal. Sauti nzuri, kubwa, kama ya shuleni. Halafu kangoja.

Mikono ya mama ikabaki hewani. Ilishuka kidogokidogo. Kanigeukia mimi: "Kasema nini?"

Hukuona uso wa mama ulivyokuwa. Saikal aliuona. Akadhani amekosea. Kidevu chake kikaanza, unakijua kile kidevu. Kamsogelea mama, kanyoosha kidole kimoja, kamgusa gotini kidogo tu, kama mtu anavyogusa kioo. "Mama?" Karudi hatua moja nyuma, kakutazama. Wewe ukakunja uso. Kagusa tena. "Wifi?" Kanitazama mimi. Nilitakiwa niseme kitu, mimi ambaye sikosi neno. Nilitazama ndoo ya siagi. Kagusa tena. "Shangazi? Mama? Bibi?" Kila akigusa anarudi nyuma, anatutazama mmoja mmoja, anasikiliza kama mlango wa chuma utalia. Alikuwa ameshafumba macho.

Mama hajui kusoma tableti, lakini hilo alilisoma. Alikishika kile kidole.

"Fumbua macho," kamwambia. "Ulipatia mara ya kwanza. Mimi ni bibi. Mama yako ni yule pale."

Na wewe ukapiga makofi, shemeji.

Sijui kama ulitaka, au mikono ilijipiga kwa mazoea. Saikal kaja kwako mbio kwa sababu ya makofi, ukamwinua. Mama kavaa viatu vyake. Siagi kaiacha. Kakuambia, "Utepe unamfaa," na akatoka, na hakuna mtu aliyenywa chai.

Kuanzia Bishkek mpaka Kochkor mama alitazama njia. Mirlan alijaribu redio, nikaizima. Tulipopita Kochkor, mama kaniuliza bila kugeuka:

"Ule mchezo uliomfundisha Saikal watu. Ni wewe uliyeuchagua?"

"Ndiyo, mama."

"Na sauti yangu uliiweka wewe."

"Ndiyo."

"Una akili sana, Kubanich."

Hajaniambia neno lingine tangu siku hiyo.

Kubanich